Chuma Kikitoka Hakirudi

Fundi wa magari husifiwa kwa anachokiweka. Ameweka gasketi mpya, ameweka ringi, ameweka mkanda wa taimingi. Mteja huonyeshwa maboksi matupu ya vipuri, huyahesabu, na huridhika kwamba fedha yake imekwenda mahali. Fundi wa silinda hedi yuko upande mwingine wa sifa hizo, kwa kuwa kazi yake kubwa ni kuondoa. Huondoa masizi, huondoa uso uliopinda, huondoa ukingo wa valvu uliounguzwa na moto. Masizi yatarudi yenyewe. Chuma kikitoka hakirudi. Kwa hiyo ufundi huu hupimwa kwa kilichobaki, na ndiyo sababu nataka kuusifu.

Hedi hukaa juu ya bloku na kuzifunga silinda zote kwa juu. Ndani yake mna njia za hewa, za moshi, za maji na za oili, zinazopishana zikitengwa na kuta za milimita chache, na hazina ruhusa ya kukutana. Chini yake mafuta huwaka kwa joto linalopita nyuzi 2,000 za Selsiasi. Hedi za magari mengi madogo siku hizi ni za alumini, na alumini huyeyuka ikifika nyuzi 660. Kinachoiokoa ni kwamba kila mwako hudumu sehemu ndogo sana ya sekunde, na nyuma ya ukuta maji yanapita muda wote yakilibeba joto kulipeleka kwenye rejeta. Maji yakikata, dakika chache zinatosha kuleta msiba.

Madereva wa barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma wanalijua hilo. Kwenye Mlima Kitonga, kabla ya kufika Iringa, gari lenye mzigo hupanda kwa gia ndogo. Injini inazunguka sana, gari linakwenda polepole, na upepo wa kupooza rejeta ni haba. Mpira wa maji uliochoka au rejeta iliyoziba hujulikana hapo. Gari huchemsha, dereva huegesha, huongeza maji, hungoja kidogo, akaendelea na safari akidhani yamekwisha. Kumbe ndani ya hedi jambo limeshatendeka. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha bloku, na bolti zimeishikilia isitanuke itakavyo. Basi hujibana yenyewe kwa yenyewe, na ikishapoa hubaki imepinda kidogo, kiasi ambacho jicho halikioni. Gari linaweza kufika mwisho wa safari na kurudi. Wiki inayofuata maji yanapungua, wala chini hapana hata tone.

Gari la namna hiyo likiingia gereji, fundi mzuri hakimbilii spana. Hufungua mfuniko wa oili na kutazama kama oili imegeuka nyeupe yenye povu, dalili kwamba maji yamepenya. Huwasha injini na kuangalia kama rejeta inatoa viputo mfululizo. Huutazama moshi: mweupe usiokoma hata injini ikiwa ya moto, maji yanaungua, wa buluu, oili inaungua, mweusi, mafuta yamezidi hewa. Kisha hufunga geji na kupima kompresheni ya silinda moja moja. Silinda ikisoma chini, humimina oili kidogo ndani yake na kupima tena. Kipimo kikipanda, kinachovujisha ni ringi za pistoni, na kuivua hedi peke yake kungekuwa hasara ya bure. Kisipopanda, mashaka yanahamia juu, kwenye valvu na gasketi. Silinda mbili jirani zikisoma chini pamoja, yaelekea gasketi imeungua katikati yao. Hadi hapo hajafungua kitu, na tayari amefanya sehemu ya kazi ambayo wengi hawaihesabu kuwa kazi.

Kuvua hedi nako kuna adabu zake. Injini iwe imepoa. Bolti zilegezwe kidogo kidogo, kuanzia pembeni kuelekea katikati, kwa awamu, ili mkazo uondoke sawasawa. Siku ya kurudisha, mwendo hugeuka: hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa toki renchi na kwa awamu vilevile. Anayefungua bolti kwa kufuata ile iliyo karibu na mkono wake anaweza kuipinda hedi iliyokuwa nzima.

Halafu valvu hutolewa, na hapo utamtambua fundi kwa kipande cha boksi. Amekitoboa matundu kwa mpangilio wa silinda, na kila valvu inachomekwa kwenye tundu lake pamoja na springi yake na vile vipande viwili vidogo vya kuifungia. Valvu iliyofanya kazi miaka mingi imezoeana na siti yake na uwazi inamopita. Ukiichanganya na nyingine umeharibu mazoea hayo na kujiongezea kusaga. Vifuniko vya kushikilia kamshafti, ile fimbo inayozifungua valvu, navyo havibadilishani nafasi hata vikifanana kama mapacha, maana kiwandani vilichongwa tundu lake vikiwa vimefungwa mahali pake.

Usafishaji unaonekana kazi ya kijana wa kujifunza, na mara nyingi ndiye anayepewa. Hapo ndipo hedi nyingi huharibiwa. Kijana anayetaka kumaliza haraka hufunga msasa kwenye mashine ya kuzunguka na kuupitisha juu ya alumini mpaka ing'ae. Inang'aa kweli, lakini kila mahali msasa ulipokaa sana pamebaki bonde, na vumbi lake gumu likishuka kwenye oili litakwenda kuzila beringi za krenki. Fundi mwenye subira hutumia dawa ya kulainisha masizi na kikwanguo cha mbao au plastiki. Hedi yake haing'ai sana, lakini imebaki vilevile ilivyovuliwa.

Sasa kipimo. Juu ya uso wa hedi hulazwa rula nzito ya chuma iliyonyooka kwa uhakika, na chini yake hupitishwa fila geji, vile vijibati vyembamba vilivyoandikwa unene wake. Rula hulazwa kwa urefu kando zote mbili, kwa upana miisho yote miwili, halafu kwa mshazari mara mbili, maana hedi inaweza kunyooka kwa urefu na bado ikawa imejipindua kona kwa kona. Kwenye injini nyingi ndogo za petroli, kitabu cha mtengenezaji huruhusu milimita 0.05 na si zaidi, yaani sehemu moja ya ishirini ya milimita. Kijibati cha 0.05 kikiingia kwa kukwama, hedi inakubalika. Kikipita kwa wepesi, itakwenda mashineni kuskimiwa.

Watu wengi hudhani hapo ndipo ufundi ulipo, kwenye mashine inayokata uso ukatoka tambarare. Mashine hukata inachoamriwa. Swali zito ni kama inafaa kukata. Hedi iliyopinda hupinda yote, juu na chini. Ukikata upande wa chini ukanyooka, upande wa juu ambako kamshafti hulala unabaki na upinde uleule. Kamshafti iliyonyooka ikifungwa ndani ya njia iliyopinda, itabana, italika, na siku moja itakatika. Fundi anayelijua hili huilaza kamshafti mahali pake, hufunga vifuniko bila valvu wala springi, na kuizungusha kwa mkono. Ikizunguka laini, hedi yaweza kuskimiwa. Ikigoma, dawa ni kuinyoosha kwanza kwa joto na mkandamizo, au kuiacha. Nimeona hedi ikirudishwa kwa mwenye gari bila kuguswa baada ya jaribio hilo dogo la mkono, na mwenye gari akaondoka amenuna. Alikuja kununua mkato, akapewa ukweli.

Kuna pia ufa. Wahenga wanatuambia usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa wa hedi una hila ya kwake: ikiwa baridi hujifumba, ikipata moto hufumbuka. Mahali pake papendwapo ni ule ukuta mwembamba kati ya valvu mbili za silinda moja, ambapo joto ni kali na nyama ya chuma ni chache. Kuutafuta, njia za maji hufungwa kwa vibati vyenye mpira, hewa husukumwa ndani, na hedi huzamishwa katika maji ya moto. Kipovu kimoja kinachorudia kutoka mahali palepale kinatosha kutoa hukumu. Wasio na tangi hutumia rangi nyekundu ya kupenya na unga mweupe wa kuifichua. Rangi hujificha ndani ya ufa, uso unafutwa, unga unapulizwa, na mstari mwekundu hujichora wenyewe. Hata hivyo si kila mstari ni kifo. Baadhi ya watengenezaji wa injini za dizeli huruhusu nyufa ndogo sana kati ya siti za valvu na hutaja upana wake kitabuni. Kuijua mipaka hiyo ni sehemu ya ustadi, maana anayeogopa kila mstari atazitupa hedi nzima, na asiyeogopa wowote atazirudisha mbovu.

Tuje kwenye valvu. Injini ya mipigo minne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufunga mara 25 kwa sekunde. Valvu ya kutolea moshi hufanya hivyo huku kichwa chake kikiwa kimepita nyuzi 700 za joto. Haipoozwi na maji moja kwa moja. Sehemu kubwa ya joto lake hutoka kupitia ule mviringo mwembamba inapoigusa siti yake, kwa muda mfupi inapokuwa imefunga. Linalobaki hupita kwenye fimbo yake. Mviringo huo ndio mlango wake mkuu wa kupumua. Kwenye injini nyingi ndogo upana wake unatakiwa uwe kati ya milimita 1.0 na 1.4. Ukiwa mwembamba mno, joto halipati njia na valvu inaungua ukingoni. Ukiwa mpana mno, nguvu ya springi inatawanyika, chembe za masizi zinanasa katikati, na kompresheni inapotea.

Wahandisi walilihangaikia joto hilo mapema. Katika miaka ya 1920, Sam Heron, Mwingereza aliyefanya kazi Marekani, alifanikisha valvu yenye fimbo tupu iliyotiwa sodiamu ndani. Sodiamu huyeyuka karibu nyuzi 98, na kila valvu inapopanda na kushuka, huruka huku na huku ikilibeba joto kutoka kichwani. Injini ya Wright Whirlwind iliyomvusha Charles Lindbergh kutoka New York hadi Paris mwezi Mei 1927, saa 33 na nusu bila kutua, ilikuwa na valvu za aina hiyo. Dunia ilimshangilia rubani. Walioijua injini waliweza kushangilia pia zile valvu tisa za kutolea moshi zilizokubali kutoungua.

Kwa fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, somo ni lilelile kwa kipimo cha gereji: gusano likiwa sahihi, valvu itaishi. Lakini haanzi na siti. Huanza na valvu gaidi, lile bomba fupi linaloiongoza fimbo. Nafasi kati ya fimbo na bomba lake hupimwa kwa sehemu za mia za milimita, na ikishapanuka valvu hucheza, oili hupenya, na asubuhi gari hutoa moshi wa buluu linapowashwa. Zaidi ya hapo, kifaa cha kukatia siti hujishikiza ndani ya bomba hilohilo. Bomba likilegea, mkato nao utalegea, na siti itatoka imehama kitovu chake. Anayekata siti kabla ya kupima gaidi amejenga juu ya msingi asioutazama.

Siti hukatwa kwa nyuzi 45 kwenye injini nyingi, halafu huguswa kwa nyuzi 30 upande wa juu na 60 upande wa chini, ili gusano libanwe hadi upana unaotakiwa na likae katikati ya uso wa valvu. Kisha huja kusaga. Dawa ya kusagia hupakwa kidogo, kijiti chenye mpira wa kunyonya hubandikwa kwenye kichwa cha valvu, na fundi hukizungusha kati ya viganja, mbele na nyuma, kama wazee walivyopekecha moto. Kila baada ya muda huinua, hugeuza kidogo, huendelea. Sauti huanza ikikwaruza, hulainika, na mkono hujua kabla ya jicho. Ikifutwa, mviringo wa kijivu huonekana umezunguka bila kukatika popote. Wengine huchora mistari ya penseli kuukata uso wa valvu, huigeuza mara moja ndani ya siti yake, na kutazama kama mistari yote imefutika. Mwisho hedi hulazwa, mafuta ya taa humiminwa kwenye njia za hewa na za moshi, na fundi hukaa kuangalia kama kuna unyevu unaochungulia kwenye valvu.

Hapo mviringo ukishatimia, mkono usiojua utaendelea kusaga ili kazi ipendeze zaidi. Kila mzunguko wa ziada unachimba bonde dogo kwenye uso wa valvu. Vikiwa baridi, valvu na siti vitalingana vizuri; valvu ikipata moto ikatanuka, bonde litahama na gusano litavunjika. Zipo pia valvu zilizopakwa tabaka gumu kiwandani, ambazo kuzisaga ni kuziharibu. Katika kazi hii, kuzidisha ni kosa lenye sura ya bidii.

Tena kila mkato hudai malipo mahali pengine. Kata siti, na valvu itazama ndani zaidi. Ikizama, fimbo yake inachomoza zaidi upande wa juu, na nafasi ya tapeti inapungua. Nafasi hiyo huachwa kwa makusudi, mara nyingi kati ya milimita 0.15 na 0.30, kubwa zaidi upande wa moshi, ili valvu ikirefuka kwa joto iendelee kufunga kabisa. Ikiisha, valvu itabaki imeachama kidogo muda wote na kuungua. Wateja hupenda injini iliyo kimya, na fundi mwoga hukaza tapeti mpaka kelele iishe. Mzoefu anajua kwamba valvu inayogonga kidogo ina uhai kuliko iliyonyamazishwa. Vivyo hivyo ukikata uso wa hedi, chumba cha mwako kinapungua, mgandamizo unapanda, na pistoni inakaribiana na valvu. Ndiyo maana watengenezaji huandika unene wa chini kabisa ambao hedi haitakiwi kuuvuka, na baadhi ya injini za dizeli zina gasketi za unene mbalimbali, zenye alama ukingoni.

Historia yenyewe iliwahi kuwafundisha mafundi wa Afrika somo la siti. Kwa miongo mingi petroli ilitiwa risasi ili injini isigonge, na risasi hiyo ilikuwa na faida ya pembeni: iliacha utando mwembamba juu ya siti na kuilinda. Ilikuwa pia sumu kwa watoto na watu wazima. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha kuitumia mwaka 2006 ulipoanza, katika kampeni iliyoongozwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi. Uamuzi ulikuwa sahihi kabisa. Magari ya zamani, ambayo siti zake zilichongwa moja kwa moja kwenye chuma laini cha hedi, yalipoteza kinga yao, na yakikimbizwa sana valvu zilianza kujichimbia. Tiba ilikuwa mkononi mwa fundi wa kukereza: kuchonga tundu, kuipasha hedi joto, kuipooza siti mpya ngumu, na kuidondosha ndani ili vikilingana joto vishikane daima.

Sasa tuulize ufundi huu unalipwaje. Karakana za mashine hutoza kwa hedi iliyokatwa, kwa siti iliyokatwa, kwa bomba lililobadilishwa. Kupima huenda bure, kama kionjo cha kumvutia mteja. Matokeo yake, fundi anayepima kwa saa nzima na kusema hedi haihitaji kuskimiwa anarudi nyumbani bila kitu, na jirani yake anayeikata bila kuilalia rula analipwa. Tumeupanga mfumo unaomzawadia anayemaliza chuma chetu. Hata hedi za mitumba zinazouzwa Kariakoo hununuliwa kwa kutazamwa tu, ingawa haiwezekani kujua kwa macho ilishakatwa mara ngapi na mmiliki wa kwanza.

Maarifa haya yapo, na mengi yamo mikononi mwa watu waliojifunza kwa kushika taa wakati mkubwa wao akifanya kazi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, huwapima mafundi wa mitaani na kuwapa cheti cha ujuzi walioupata nje ya darasa, na ni hatua njema. Lakini cheti hakitabadilisha kitu kama mteja ataendelea kudai maboksi matupu. Mabadiliko yanaweza kuanzia kwenye risiti. Iandikwe hedi ilikuwa imepinda kiasi gani kabla, unene wake sasa, upana wa kila siti, nafasi ya kila tapeti. Namba hizo zilipiwe, hata pale zinapoonyesha kwamba hakuna kilichohitaji kukatwa, maana ndizo zitakazomwongoza fundi atakayeifungua injini hiyo miaka mitano ijayo.

Basi siku gari lako likichemsha na hedi ikavuliwa, usimuulize fundi amekata kiasi gani. Muulize imebaki kiasi gani. Akikujibu kwa namba aliyoipima mwenyewe, mlipe anachodai na umwachie funguo.